Kiti Kilichokula Mapaja Yangu

Mimi ni Rwamba, mjane wa Njeru, wa hapa Kibugu, na sijawahi kuwa mtu wa kupaka maneno asali. Nitasema wazi: watoto wangu walikaribia kuniua kwa heshima. Si kwa sumu, si kwa njaa. Kwa heshima, mbele ya kanisa zima, na watu wakapiga makofi.

Ilikuwa sherehe ya kumshukuru mama. Huku kwetu mtoto akifaulu mjini huja nyumbani, hupiga hema uani, huita mchungaji na kwaya, kisha mzazi huvishwa blanketi watu wakiona. Munyi, kifungua mimba wangu, ana ofisi mjini Embu, na alitaka sherehe itakayosimuliwa mpaka Kianjokoma. Alinivisha blanketi zito. Dada yake Ednah, ambaye ni mwalimu, akanivalisha kofia. Halafu wanaume wakashusha kiti kutoka kwenye pikapu, kiti cha ngozi, kipana, laini, ukikikalia unazama mpaka magoti yanakuja karibu na kidevu.

Munyi akashika kipaza sauti. "Huyu mama amechuma majani chai tangu sijazaliwa," akasema. "Kuanzia leo amepumzika." Akachukua kikapu changu, kile kilichokuwa kimeshika umbo la mgongo wangu, akamkabidhi Marcella, mwanamke aliyemwajiri kutoka upande wa Mbeere. "Mama asishike kitu chochote. Umenisikia? Chochote." Mchungaji akasema chanda chema huvikwa pete. Watu wakashangilia, nami nikalia kwa furaha, maana mama gani hapendi kusifiwa mbele ya wanawake wenzake wa kijiji.

Siku hiyo nilikuwa na miaka sabini na minne. Asubuhi yake nilikuwa nimekama ng'ombe, nikachuma majani, nikayapandisha mwenyewe ule mlima wa kituo cha kupimia. Sikuwa na fimbo. Fimbo nilipewa pamoja na kiti.

Basi nikakaa, mwezi baada ya mwezi. Marcella alikuwa mwanamke mwaminifu, na uaminifu wake ulinitesa. Nikiinama kuokota kuni, huyu hapa. Nikishika ndoo, ameshanyang'anya. "Mama, Munyi atanifukuza," alikuwa akisema, na uso wake ulionyesha kwamba anaamini. Maji ya kuoga aliniletea. Viatu alinivalisha. Hata kuku nilikuwa nikiwatupia mahindi nikiwa nimekaa, kama mfalme anayetupia watu zawadi.

Chakula nacho kikawa cha heshima. Uji, chai, mkate, viazi vilivyopondwa. Nyama ikipikwa nililetewa mchuzi, kwa sababu eti nyama ina mishipa na mzee asisumbuliwe. Kila jioni Munyi alipiga simu. "Mama, umepumzika?" Nami namjibu, "Nimepumzika, mwanangu." Heri ningemtukana.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipopata pigo la kwanza. Ilikuwa Jumapili, ibada imeendelea, tukafika pale pa kusimama kukiri imani. Kanisa zima likasimama. Mimi nikaiambia miguu isimame, ikakataa. Sikusikia maumivu. Sikuwa na kizunguzungu. Nilijaribu tena, nikainuka kidogo, nikarudi chini puu, kama gunia. Watu wanasema "Nasadiki" na mimi nimekaa. Lenah, tunayekaa naye benchi moja tangu tukiwa wasichana, akainama akaninong'oneza, "Rwamba, kwani umeacha kusadiki?"

Nilipigwa na butwaa. Miguu hii nimeijua maisha yangu yote. Imenibeba nikiwa na mimba, imenibeba nikiwa na mzigo, imenibeba siku ya kumzika Njeru nilipodhani siwezi hatua moja. Sasa imeniacha mchana kweupe, kanisani, bila kuniaga. Wanaume wawili walinishika makwapa wakanitoa nje, na nilitamani ardhi ipasuke.

Hospitalini walinipima damu, sukari, presha, wakapiga picha ya nyonga na ya mgongo. Daktari akasema mifupa ni mizima, moyo ni mzima. Munyi akashusha pumzi, kisha akasema yale aliyokuwa ameyapanga njiani.

"Mama, ni umri. Hutaweza kuishi Kibugu. Utakuja kwangu mjini. Chumba kipo, ghorofa ya pili, kuna televisheni. Shamba nitalikodisha."

Aliyasema kwa upole, mkono wake juu ya mkono wangu. Nilimwangalia nikahisi baridi. Ghorofa ya pili! Mtu asiyeweza kusimama kanisani atashuka vipi kutoka ghorofa ya pili? Nilielewa kwamba nikishapandishwa zile ngazi, nitashuka nikiwa nimebebwa. Na nyumba yangu, majani yangu, kaburi la mume wangu, Lenah na mdomo wake, vyote nimeviaga bila kuviaga.

"Siendi," nikasema.

"Mama, hata chooni unashikwa."

Hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana liliniuma.

Daktari yule, Mungu ambariki, akasema kabla hatujagombana tumwone kwanza mtu wa mazoezi ya viungo. Ndivyo nilivyokutana na Mwongera. Alikuwa kijana mrefu, mzaliwa wa Maua, na nilipomuuliza Mmeru wa Maua anakaaje bila kutafuna miraa akaniambia, kama mjukuu kwa nyanya yake, "Shosho, natafuna wazee wabishi." Nikampenda hapo hapo, ingawa sikumwonyesha.

Alinikalisha kwenye kiti cha mbao, akaniambia nikunje mikono kifuani nisimame. Nikashindwa. Akazungusha utepe kwenye paja langu, akatikisa kichwa. Akauliza, "Unafanya kazi gani nyumbani?"

"Hakuna. Nimepumzishwa."

"Tangu lini?"

Nikamsimulia sherehe, blanketi, kiti, kikapu, Marcella. Munyi alikuwa amesimama pale mlangoni ametabasamu, akingoja asifiwe. Mwongera akamgeukia. "Hukumpa mama kiti," akamwambia. "Ulimpa ugonjwa."

Tabasamu la Munyi likafa. Alikuja kutafuta dawa, akapewa hiyo.

Mwongera akanipeleka kwenye chumba cha mashine, wakanipaka mafuta baridi pajani, wakapitisha kitu kama pasi ndogo. Kwenye kioo pakatokea picha. "Hii nyeusi ni nyama ya msuli wako," akasema. "Hii nyeupe iliyoingia katikati ni mafuta na makovu." Weupe ulikuwa mwingi. Nimenunua nyama buchani miaka mingi, najua nyama ya ng'ombe anayelima na nyama ya ng'ombe aliyefungwa zizini. Ile ilikuwa nyama ya zizini, na ilikuwa mimi. Nilitaka kulia, lakini nilikuwa nimeshangaa mno hata machozi hayakutoka.

"Sasa nikueleze," akasema, akaketi mbele yangu, si mbele ya Munyi. "Msuli ni nyuzi nyingi zimelalana. Kando ya kila uzi kuna seli ndogo ndogo, tunaziita seli shina. Hazivuti, hazinyanyui. Kazi yake ni kulala na kungoja. Ukifanya kazi msuli unachoka, unachanika kidogo kidogo, huoni wala husikii. Pale palipochanika panatoa mwito. Seli shina zinaamka, zinagawanyika. Nyingine zinajiunga na uzi na kuziba palipoharibika. Nyingine zinarudi kulala, ziwe akiba ya kesho."

"Na mimi ninazo? Na uzee huu?"

"Unazo. Ni chache kuliko za msichana, na usingizi wake ni mzito. Nyingine zimechoka, hata ukiziita haziji. Damu ya uzeeni pia haizibebei ujumbe vizuri. Lakini zipo. Ulipokuwa ukipanda mlima na kikapu, ulikuwa unaziamsha kila siku. Tangu uketishwe, hakuna anayeziita. Na mwili ni bahili, shosho. Msuli usiotumika haulishwi. Mwili wenyewe unaubomoa unautumia kwingine."

Nakwambia ukweli, hakuna kitu kilichonishtua maishani kama hicho. Miaka yote hiyo nilidhani kazi inanimaliza. Kila mtu alisema hivyo. Mama amechoka, mama ameisha, mama apumzike. Kumbe ndani ya mapaja yangu kulikuwa na mafundi waliokuwa wakinijenga upya kila nilipochoka, na mimi sikujua hata wapo. Munyi ndiye aliyewaachisha kazi, na kwaya ikaimba.

"Zitaamka tena?" nikauliza.

Mwongera hakunidanganya. "Zote, hapana. Kilichokwenda chote hakitarudi. Kiasi cha kukusimamisha, nadhani, ukifanya kazi na ukila. Mayai, maharage, hata yale meusi ya njahi, maziwa, nyama yenyewe si mchuzi. Nyumba haijengwi kwa uji. Na wewe ndiye utakayefanya. Hakuna sindano ya hii."

Munyi akasema mambo ya seli ni ya vitabuni, mama yake ni mtu. Nikamwambia anyamaze. Mbele ya Mwongera nikamwambia hivyo, mtu mzima wa hamsini na kitu mwenye ofisi. Tukabishana kwenye gari mpaka Kibugu. Ednah, aliyekuwa amekaa nyuma, ndiye aliyetupatanisha. Akasema, "Tumpe mama mpaka Jumamosi ya baada ya Pasaka. Akiweza kuinuka bila kushika kitu, abaki. Akishindwa, tumchukue." Munyi akakubali upesi, kama mtu anayejua atashinda.

Lakini kabla hajaondoka alinivuta kando. "Mama, watu watasema nini? Nilitangaza kwa kipaza sauti. Wakikuona shambani watasema Munyi amemrudisha mama yake kibaruani." Hapo ndipo nilipoelewa kile kiti kilikuwa cha nani.

Nikaanza. Marcella nilimwita nikamwambia kwamba Munyi anaweza kumfukuza mara moja tu, lakini mimi naishi naye. Akafikiri, akacheka, akaenda kupika njahi. Kile kiti cha ngozi tukakisukuma ukutani, paka akakirithi. Nikaletewa kiti cha mbao cha jikoni, tukakiinua kwa matofali kiwe juu, nikawa nainuka na kuketi, nainuka na kuketi, nikishika meza kwanza, halafu kwa mkono mmoja.

Kesho yake asubuhi mapaja yaliniuma hata nikadhani yamevunjika. Munyi alipiga simu, akasikia sauti yangu, akaja mbio. "Unaona? Yule kijana anakuumiza." Akampigia Mwongera, akamfokea. Mwongera akaniomba mimi simu. "Shosho, ni maumivu ya kuchoma au ya uchovu?" Nikamwambia ni kama yale ya msimu wa kwanza nilipoolewa nikaanza kulima. "Basi huo ndio mwito," akasema. "Pumzika leo, kesho rudi." Munyi aliondoka bila kunywa chai.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Kuna siku nilianguka tena kitini nikakaa hapo nikimlaani kila mtu, hata Njeru kwa kufa mapema. Siku nyingine nilifanya kwa hasira tu, na hasira, nimegundua, huinua mapaja kuliko maombi. Lenah alikuja akanikuta natoka jasho, akauliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia naamsha watu waliolala. Akaenda kumwambia mchungaji. Mimi na Marcella tukatoa matofali moja moja, kiti kikashuka. Nikarudi jikoni, nikakama ng'ombe nimekaa kwenye kigoda, nikamenya viazi vyangu mwenyewe. Utepe wa Mwongera ulionyesha paja limeongezeka kidogo sana, unene wa ukucha, akafurahi kuliko mimi. Mimi nilitaka zaidi.

Jumamosi ile ikafika. Niliamka nikiwa na hofu, nikavaa nguo nzuri. Nilijua Munyi na Ednah watakuja na pikapu. Marcella alikuwa amekwenda kwenye majani, na mimi nikasema kabla hawajaja nitembee peke yangu mpaka kwa Njeru, nyuma ya nyumba, pale chini kwenye mti wa mukoigo. Tangu siku ile ya kanisani sikuwa nimefika huko. Ni mteremko, na mteremko nilikuwa nauogopa. Wiki zilizopita nilisikia mafundi wakigonga huko, Marcella akaniambia Munyi anatengeneza kaburi la baba yake, nami nikasema vema, mtoto amemkumbuka mzazi.

Nikashuka na fimbo, pole pole, nikishika majani kando ya njia. Nikafika. Kaburi la Njeru lilikuwa limewekwa vigae vyeupe, linang'aa. Na kando yake kulikuwa na la pili.

Ukuta mfupi wa vigae vilevile, umbo lilelile, katikati udongo haujachimbwa. Kichwani jiwe la saruji. Juu yake jina langu. Rwamba, mke wa Njeru. Mwaka niliozaliwa. Kisha kistari, na nafasi tupu.

Nilisoma mara nyingi. Kwetu sisi mtu mzima mwenye pumzi hatengenezewi kaburi. Hata sanduku la mgonjwa haliulizwi bei kabla hajafa, ni kumwitia kifo. Na mwanangu alikuwa amelipamba. Nilipokuwa nikihangaika na kiti cha jikoni pale juu, wao huku chini walikuwa wakipima urefu wangu. Sikulia.

Wakanikuta hapo. Nilisikia pikapu, nikasikia wakiniita nyumbani, kisha hatua zao kwenye mteremko. Ednah ndiye aliyefika kwanza, akaona, akajishika kichwa. "Munyi, hiki ni nini?" Kumbe hata yeye hakujua.

Munyi alikuwa amegeuka rangi. "Mama, sikiliza. Mafundi walikuwa hapa tayari. Saruji ilibaki. Siku hizi watu wanapanga mapema. Nilitaka siku ile ikifika usipate aibu."

"Maiti hupata aibu?" nikamuuliza.

Alikuwa akitazama kila mahali isipokuwa jina langu. Nikaona kwamba hakufanya kwa ubaya, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alikuwa na mapenzi mengi, na yote yalikuwa ya mtu aliyekwisha kufa.

"Tulikuwa na mapatano," nikasema. Nikaegemeza fimbo kwenye kaburi la Njeru, nikaketi juu ya ule ukuta wa vigae, juu ya lile langu. Ulikuwa chini, chini kuliko kiti chochote nilichojaribu, na baridi yake ilipenya nguo.

"Mama, usikae hapo," Munyi akasema, sauti imekatika.

"Kwani si pangu?"

Nikakunja mikono kifuani. Nikarudisha miguu nyuma kama Mwongera alivyonifundisha, nikainamisha kifua mbele. Mara ya kwanza nikarudi chini. Ednah akapiga hatua, nikamkataza kwa macho. Mara ya pili mapaja yalitetemeka, yakawaka moto, nikafika katikati, mahali pale pa kuanguka, nikabaki hapo muda ambao sijui ulikuwa mrefu kiasi gani. Kisha nikanyooka. Nikasimama wima, mikono kifuani, nikimwangalia mwanangu usoni.

Hakuna aliyepiga makofi. Ednah alikuwa akilia kwa sauti ya chini. Nikamwonyesha Munyi ule ukuta.

"Sasa wewe," nikamwambia.

"Mimi?"

"Keti. Kunja mikono."

Alidhani ni mzaha. Aliponiona usoni akaketi, suti yake nzuri juu ya vigae, akakunja mikono. Akajisukuma. Tumbo likamzuia. Akajisukuma tena, akapanda kidogo, akarudi chini. Mikono ikataka kushika ukuta. "Bila mikono," nikasema. Akajaribu mara nyingine, jasho likamtoka kwenye paji, kola ikamkaba shingo. Miaka mingapi amekaa ofisini, kwenye gari, kwenye kochi, analetewa kila kitu? Nilimwangalia mapaja ndani ya ile suruali na nikaogopa kwa ajili yake, nikaogopa kuliko nilivyojiogopea mwenyewe kanisani.

Akaacha. Akainua uso akanitazama. "Mama, miguu imekataa."

Nikampa mkono, nikamwinua mwanangu kutoka kwenye kaburi langu, na alikuwa mzito.